Chanjo ya Mtoto Wako Imenunuliwa na Nani?

Ndugu msomaji, mama akimpeleka mtoto zahanati kuchanjwa, hatoi hata senti moja. Mtoto anapimwa uzito. Anachomwa sindano pajani. Anatiwa matone mdomoni. Kadi inaandikwa, na mama anarudi nyumbani. Kwa hiyo watu wengi husema, "Chanjo ni ya bure."

Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Chanjo ni ya bure kwa mama, lakini si ya bure kwa taifa. Kila chupa unayoiona mezani kwa muuguzi imenunuliwa. Yuko aliyeitengeneza, yuko aliyeikagua, na yuko aliyeilipia. Wako pia walioisafirisha na kuilinda isiharibike njiani.

Huenda ukauliza, "Mambo ya viwanda na ndege yananihusu nini mimi mkulima?" Yanakuhusu sana. Katika safari hiyo ndefu ziko kazi ambazo hakuna awezaye kuzifanya ila kijiji chenyewe. Kijiji kisipozifanya, chanjo inapungua au inamwagwa, na mtoto anabaki bila kinga. Basi tuifuate chanjo hatua kwa hatua.

ZAMANI HALI ILIKUWAJE

Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuchanja watoto wa nchi zote. Wakati huo, katika nchi maskini, hata watoto 5 katika kila 100 hawakuwa wakipata chanjo. Tanzania ilianza mpango wake mwaka 1975. Maradhi yaliyopigwa vita mwanzoni yalikuwa 6: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua.

Wazee wetu wanakumbuka surua ilivyokuwa. Iliingia kijiji kimoja, ikapita nyumba kwa nyumba, na makaburi madogo yakaongezeka. Wanakumbuka pia ndui, ambayo iliwaachia watu makovu usoni na kuwapofusha wengine. Leo kijana hajui ndui ni nini. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani kote. Iliyoimaliza ni chanjo.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu ya miaka 50 ya kazi hiyo. Lilisema chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154, na wengi wao walikuwa watoto wachanga. Namba hiyo ni kubwa, basi tuilinganishe na tunayoifahamu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu karibu milioni 62 Tanzania nzima. Kwa hiyo waliookolewa ni sawa na Tanzania mbili na nusu. Kati yao, milioni 94 waliokolewa na chanjo ya surua peke yake.

KUNUNUA KWA PAMOJA

Sasa tuangalie ununuzi. Wewe mkulima unaujua ushirika. Mtu mmoja akienda mjini kununua mfuko mmoja wa mbolea, mwenye duka anamtajia bei apendayo. Mkulima hana nguvu ya kubishana. Atalipa, au atarudi mikono mitupu. Lakini wakulima 200 wakikusanya fedha zao na kuagiza mifuko 1,000 kwa pamoja, mambo yanabadilika. Mwenye duka anawasikiliza na kupunguza bei, kwa sababu anaona mnunuzi mkubwa.

Nchi nazo hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1977 nchi za bara la Amerika ziliamua kuunda mfuko mmoja wa kununulia chanjo kwa pamoja. Kwa nchi nyingi za Afrika na Asia, kazi hiyo hufanywa na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto, ambalo sote tunaliita UNICEF. Ofisi yake ya ununuzi iko katika mji wa Copenhagen, nchini Denmark.

Ofisi hiyo hukusanya mahitaji ya nchi karibu 100. Kila nchi husema inahitaji dozi ngapi za chanjo gani, na lini. Kisha ofisi hutangaza zabuni. Viwanda hutaja bei zao, na ofisi huchagua. Kwa njia hiyo UNICEF hununua dozi zaidi ya bilioni 2 kwa mwaka. Bilioni 1 ni milioni 1,000. Chanjo hizo huwafikia karibu nusu ya watoto wote wa dunia walio chini ya miaka 5.

Usidhani kwamba chanjo hupelekwa kwanza Copenhagen. Huko yako makaratasi ya ununuzi. Chanjo zenyewe hutoka kiwandani na kupelekwa kwa ndege moja kwa moja hadi nchi iliyoziagiza.

NANI ANALIPA?

Fedha hutoka sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni serikali ya nchi yenyewe, yaani kodi yako wewe mwananchi. Ukinunua sukari au sabuni, ndani ya bei ile imo kodi, na katika kodi ile iko sehemu inayonunua chanjo.

Sehemu ya pili ni umoja unaoitwa Gavi, ulioanzishwa mwaka 2000. Gavi hukusanya michango ya serikali tajiri na ya watu binafsi, kisha huzisaidia nchi zenye kipato kidogo. Lakini haitoi fedha zote. Nchi inayosaidiwa nayo hutoa mchango wake. Kwa miaka mingi mchango wa nchi maskini kabisa ulikuwa senti 20 za dola kwa kila dozi. Nchi ikiinuka kipato, mchango wake unapanda, mpaka ifike siku ya kujinunulia yenyewe. Ni kama mtoto anayefundishwa kutembea. Hashikwi mkono maisha yake yote.

BEI ILISHUKAJE?

Tuchukue mfano wa chanjo moja unayoijua. Mtoto wa wiki 6, wiki 10 na wiki 14 huchomwa sindano ya chanjo iitwayo penta. Penta maana yake ni tano. Sindano hiyo moja hukinga maradhi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini. Ya tano ni kijidudu kinacholeta kichomi na homa ya uti wa mgongo.

Kenya ilianza kutumia penta mwaka 2001. Wakati huo kiwanda kilichokuwa kikiiuza kwa mpango huu kilikuwa kimoja tu, na bei ya dozi moja ilizidi dola 3. Mtoto mmoja huhitaji dozi 3. Kwa hiyo penta ya mtoto mmoja ilizidi dola 9. Nchi nyingi zilishindwa.

Kisha nchi zilizidi kuagiza kwa pamoja. Viwanda vingine vikaona kwamba wanunuzi wapo na watalipa, navyo vikaanza kuitengeneza, hasa viwanda vya India. Wauzaji wakawa wengi. Tanzania ilianza penta mwaka 2009. Ilipofika mwaka 2014, nchi zote 73 zilizokuwa zikisaidiwa na Gavi zilikuwa zinaitumia. Mwaka 2016 UNICEF ilitangaza kwamba imepata bei mpya kwa miaka mitatu iliyofuata: wastani wa senti 84 za dola kwa dozi moja.

Piga hesabu, ndugu msomaji. Senti 84 mara 3 ni dola 2 na senti 52. Fedha zilizomkinga mtoto mmoja mwanzoni sasa ziliweza kuwakinga watoto watatu. Hiyo ndiyo faida ya kununua kwa pamoja.

Lakini bei ndogo si jambo pekee la kuangalia. Mkulima mwenye akili hapandi zao moja tu shamba zima, maana wadudu wakiliingia atalala njaa. Mnunuzi wa chanjo naye hapaswi kutegemea kiwanda kimoja. Kati ya mwaka 2016 na 2018 chanjo ya polio ya sindano ilipungua duniani. Watengenezaji wakubwa walikuwa wawili tu, nao walishindwa kufikisha kiasi walichotarajiwa kutoa. Nchi kadhaa zilibidi kungoja. Tanzania ilikuwa mojawapo, nayo ilianza kuitumia mwaka 2018. Kwa hiyo siku hizi wanunuzi hugawa oda kwa viwanda kadhaa, hata kama kimoja kina bei ndogo kuliko vingine.

KIWANDANI

Mojawapo ya viwanda vikubwa vya chanjo duniani kiko India, katika mji wa Pune. Kinaitwa Serum Institute of India. Kilianzishwa mwaka 1966 na Cyrus Poonawalla, ambaye familia yake ilikuwa ya wafugaji wa farasi. Wakati huo damu ya farasi ilitumika kutengeneza dawa ya pepopunda. Mfugaji huyo aliona kwamba farasi wake wanaweza kuwa mwanzo wa kiwanda cha dawa. Leo chanjo za kiwanda hicho hutumika katika nchi nyingi, Afrika ikiwemo.

Kutengeneza chanjo si kama kusaga unga. Chanjo hutokana na vijidudu vilivyouawa au vilivyodhoofishwa, au na sehemu ndogo tu za vijidudu hivyo. Vijidudu hivyo hukuzwa kwa uangalifu, kama vile sisi mabwana shamba tunavyokuza miche kitaluni. Kisha chanjo hupimwa tena na tena. Kwa chanjo nyingine kazi hiyo hupita mwaka mzima. Ndiyo maana nchi haiwezi kuagiza leo na kupokea wiki ijayo. Mbolea ya kupandia huagizwa kabla mvua hazijaanza. Chanjo nayo huagizwa kabla watoto hawajazaliwa.

Chanjo haiuzwi kwa UNICEF hivi hivi tu. Tangu mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani limekuwa na utaratibu wa kuvikagua viwanda na chanjo zake. Chanjo isiyopita ukaguzi huo hainunuliwi katika mpango huu. Hapa Tanzania iko pia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo kazi yake ni kuhakikisha dawa na chanjo zinazoingia nchini ni salama.

SAFARI YA BARIDI

Chanjo ni kama maziwa. Ukiyaacha juani yanaharibika. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi nyuzi 8, tangu kiwandani mpaka kwa mtoto. Huko Pune inatiwa ndani ya kasha la baridi. Inapanda ndege. Ikifika Dar es Salaam inaingia katika bohari ya taifa yenye vyumba vya baridi. Kutoka hapo inakwenda mkoani, kutoka mkoani inakwenda wilayani, na kutoka wilayani inakwenda zahanati. Huko zahanati iko jokofu la umeme, la gesi au la sola. Muuguzi akienda kuchanja kwenye kitongoji cha mbali, anaiweka ndani ya kibebeo chenye vibarafu.

Huo huitwa mnyororo wa baridi. Pingu moja ya mnyororo ikikatika, mnyororo wote hauna kazi. Ndege inaweza kufika salama kutoka India, kisha chanjo ikaharibika kwa sababu jokofu la zahanati limekosa gesi.

Wengine hufikiri kwamba baridi ikizidi ni bora zaidi. Si kweli. Chanjo ya surua, ya kifua kikuu na ya matone ya polio huharibiwa na joto. Lakini penta na chanjo ya pepopunda huharibiwa zikiganda barafu. Zikishaganda, hata ukiziyeyusha, nguvu yake imekwisha. Kwa hiyo jokofu la chanjo si mahali pa kugandishia barafu za biashara, wala pa kuwekea soda na nyama. Mlango ukifunguliwa mara kwa mara, baridi inatoka.

ALAMA INAYOSEMA KWELI

Iko alama ndogo kwenye chupa za chanjo. Ilianza kutumika mwaka 1996 kwenye chanjo ya matone ya polio, kisha ikaenea kwenye chanjo nyingine. Ni mviringo wenye rangi, na ndani yake mna mraba mdogo. Chanjo ikiwa nzima, mraba ni mweupe kuliko mviringo. Joto likiipata, mraba unaanza kuwa mweusi. Mraba ukifanana rangi na mviringo, au ukiuzidi weusi, chanjo hiyo haifai tena. Hutupwa.

Hata asiyejua kusoma anaweza kuisoma alama hiyo. Lakini kumbuka, alama hiyo huonyesha joto tu. Haionyeshi kwamba chanjo iliganda. Muuguzi hupima jambo hilo kwa njia nyingine, na kwa kuangalia kipimajoto cha jokofu kila siku. Kama unataka kuiona alama hiyo, mwombe muuguzi akuonyeshe. Si kosa kuuliza.

KWA NINI SIKU HUPANGWA?

Sasa tufike kwenye jambo linaloleta manung'uniko vijijini. Mama ametembea saa mbili na mtoto mgongoni. Anafika zahanati, anaambiwa, "Leo hakuna chanjo ya surua. Njoo Jumatano." Mama anakasirika. Wengine hawarudi tena.

Sababu ni hii. Chanjo ya surua na ya kifua kikuu huja kama unga mkavu ndani ya chupa. Muuguzi huichanganya na maji yake maalumu. Ikishachanganywa, haikai zaidi ya saa 6. Baada ya hapo hutupwa, hata kama imebaki. Chupa moja ya chanjo ya surua mara nyingi ina dozi 10. Wakija watoto 2 tu, dozi 8 zinamwagwa.

Penta na matone ya polio ni tofauti. Hizo ni za maji tangu kiwandani. Chupa iliyofunguliwa inaweza kutunzwa hadi siku 28, kama imekaa kwenye baridi inayotakiwa na alama yake bado ni nzuri. Ndiyo maana mtoto anaweza kupata chanjo moja leo na kuambiwa arudi kwa nyingine.

Wafugaji wa kuku wanalijua jambo hili. Chanjo ya mdondo hutolewa kwa tone la jichoni, na chupa moja hutosha kuku wengi. Hakuna anayefungua chupa kwa kuku wawili. Wanakijiji hupanga siku, kila mtu anafunga kuku wake mapema asubuhi, na wote wanachanjwa siku moja. Ikiwa tunaweza kupanga siku kwa ajili ya kuku, je, tutashindwa kwa ajili ya watoto?

Hata hivyo, upande wa zahanati nao una wajibu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto aliyefika asirudishwe bila chanjo, hata ikibidi kufungua chupa kwa ajili yake peke yake. Dozi iliyomwagwa inaweza kununuliwa nyingine, lakini mtoto aliyekufa kwa surua harudi. Kwa hiyo jambo jema ni pande zote mbili kupatana. Zahanati itangaze siku zake mapema na kuzifuata. Kijiji nacho kije kwa wingi siku hizo. Na mama aliyetoka mbali aelezwe kwa upole.

HESABU INAANZIA KIJIJINI

Tulisema nchi huagiza chanjo kwa hesabu. Je, hesabu hiyo hutoka wapi? Hutoka kijijini kwako.

Tuseme katika kijiji fulani huzaliwa watoto 120 kwa mwaka. Kila mtoto anahitaji dozi 3 za penta. Kijiji kinahitaji dozi 360 kwa mwaka, yaani 30 kila mwezi. Kila mtoto anahitaji dozi 2 za chanjo ya surua na rubela, moja akiwa na miezi 9, nyingine akiwa na miezi 18. Hizo ni dozi 240, na lazima kuongeza kidogo kwa ajili ya zile zitakazomwagwa.

Sasa tuseme watoto 30 walizaliwa nyumbani na hawakuandikwa popote. Daftari litasema watoto 90. Zahanati itaagiza penta 270 badala ya 360. Wilaya itajumlisha hesabu hizo, mkoa utajumlisha, na taifa litajumlisha. Hesabu yenye upungufu itakwenda mpaka Copenhagen, na kiwanda kitatengeneza kulingana na hesabu hiyo. Siku ya chanjo ikifika, watoto wa mwisho kwenye foleni watakuta kasha tupu.

Kuongeza hesabu nako ni kubaya. Wako wanaodhani kutaja watoto wengi kutaleta vitu vingi. Chanjo ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Ikiletwa nyingi kuliko watoto, itachomwa moto, na fedha za wananchi zitapotea.

FEDHA ZIKICHELEWA

Mwisho wa mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023, nchi ya Ghana iliishiwa chanjo za surua, kifua kikuu na polio. Waziri wa Afya alieleza kwamba fedha ya Ghana ilikuwa imeshuka thamani, na chanjo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Akina mama walizunguka na watoto, kliniki moja hadi nyingine. Surua ikazuka kaskazini mwa nchi. Chanjo zilianza kuwasili tena mwezi wa Machi 2023.

Jirani zetu wa Kenya nao walipata upungufu wa chanjo ya kifua kikuu na ya matone ya polio mwaka 2025, mpaka shehena mpya zilipofika.

Mwaka huo huo wa 2025 Gavi iliomba michango ya miaka mitano iliyofuata. Ilihitaji dola bilioni 11.9. Katika mkutano wa mwezi wa Juni ziliahidiwa dola zaidi ya bilioni 9. Marekani, iliyokuwa mchangiaji mkubwa, ilitangaza kwamba haitatoa tena.

Tunajifunza nini? Msaada wa jirani ni mzuri, lakini jirani anaweza kufunga mlango wakati wowote. Nchi isiyotenga fedha zake yenyewe itakuja kulia. Na fedha zikiwa chache, kila chupa inakuwa na thamani zaidi. Kuacha chanjo iharibike ni sawa na kuacha mahindi yaliwe na panya ghalani wakati wa njaa.

Hesabu ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba watoto milioni 14.3 duniani hawakupata hata chanjo moja. Wengi wao si kwamba wazazi wao wamekataa. Wanaishi mbali, au wako vitani, au hawajaandikwa popote. Tusikubali mtoto wa kijiji chetu awe mmoja wao.

KAZI YA KILA MMOJA WETU

Mzazi: mwandikishe mtoto mara anapozaliwa, hata kama amezaliwa nyumbani. Mpeleke apate chanjo ya kwanza, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu mwezi wa 9 na wa 18. Tunza kadi. Itie ndani ya mfuko wa plastiki isilowe, na uifiche mbali na panya. Baba, kazi hii si ya mama peke yake. Wewe unayejua kusoma, soma tarehe iliyoandikwa kwenye kadi na umkumbushe mwenzako.

Mfugaji: ukihama na ng'ombe kutafuta malisho, chukua kadi ya mtoto. Zahanati yoyote itampokea. Mwambie pia mwenyekiti wa kitongoji unakokwenda kwamba umefika na watoto wangapi.

Mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa kijiji: andikeni kila mtoto anayezaliwa, na mpeleke orodha zahanati kila mwezi.

Serikali ya kijiji: katika mkutano, ulizeni habari za jokofu. Je, linafanya kazi? Gesi ipo? Kipimajoto kinasomwa? Siku ya kuchanja vitongoji vya mbali, usafiri upo? Hayo ni maswali yenu kama vile barabara na kisima ni vyenu.

Ndugu msomaji, chupa ile ndogo imevuka bahari. Imelipiwa kwa kodi yako na kwa michango ya watu usiowajua. Imekaa kwenye baridi usiku na mchana ili ifike ikiwa na nguvu. Sehemu iliyobaki ya safari yake ni fupi sana, kutoka mlango wa nyumba yako hadi mlango wa zahanati. Sehemu hiyo hakuna ndege itakayoimaliza. Itamalizwa na miguu yako.

MAMBO YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI CHA WASOMAJI

1. Kwa nini bei ya chanjo ya penta ilishuka? Je, kijiji chetu kinanunua kitu gani kwa pamoja, na kitu gani tungeweza kununua hivyo?

2. Katika kitongoji chetu wamezaliwa watoto wangapi mwaka huu? Wangapi wameandikwa? Wanahitaji dozi ngapi za penta?

3. Siku ya chanjo ya surua katika zahanati yetu ni ipi? Je, inafaa kwa akina mama wakati wa palizi na mavuno? Kama haifai, tumwombe muuguzi tupange siku gani?